Jino la Risper

Kijiwe cha Sindo, kando ya Ziwa Victoria, kina benchi moja, birika moja, na wasomi kupita kiasi. Asubuhi hiyo Risper, mwenye birika, alikuwa ameweka mezani jino la kale lililogeuka jiwe, refu kama kiganja, alilolipata shimo la choo lilipochimbwa kwake. Mtafiti mmoja wa kigeni alikuwa njiani kulichukua ili akalihifadhi kwao ng'ambo. Risper hakutaka kuliachilia, ila hakujua atakataa vipi mbele ya watu wanaojua kila kitu.

— Mpatie tu, alisema Caleb, ambaye husoma hata karatasi za kufungia mandazi, ndiyo maana wakamwita Gazeti. — Huko iko salama. Kama ile dinosaria kubwa ya kula nyama, Spinosaurus, yenye pezi refu mgongoni. Ilitolewa Misri miaka mia imepita, Mjerumani akapeleka mifupa kwao, ikawekwa jumba la makumbusho.

— Nyama gani? aliuliza Joash, mvuvi aliyeitwa Admirali hata baada ya mtumbwi wake kuzama ukiwa umefungwa ufuoni.

— Samaki sana sana.

— Basi huyo ni wetu. Nile inatoka ziwa gani? Si hii? Alizaliwa hapa Sindo, akateremka Misri kutafuta kazi.

— Bila kitambulisho? aliuliza Gazeti.

— Na hiyo pezi ya mgongo ilikuwa tanga, bana, alisema Admirali. — Alikuwa anavuka mpaka kisiwa cha Mfangano bila petroli.

Risper alichoka nao.

— Saa hii hiyo mifupa iko wapi?

Gazeti alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Ilichomeka. Vita ya pili ya dunia, ndege za Waingereza zikaangusha bomu, jumba likaisha.

— Si umesema ilikuwa salama?

— Ilikuwa salama. Mpaka hiyo usiku.

Hapo alikuwa amefika Beverlyne, jirani aliyeazima sufuria ya Risper kwa matanga akaiunguza. Alikuwa ameirudisha pamoja na kuku wa kuomba radhi. Aliuliza bila ubaya wowote:

— Na walipoichoma mifupa ya wenyewe, walikuja kuambia nani pole?

Risper akalichukua jino mezani.

Gari la mtafiti liliposimama, Risper alikuwa amekwisha kulifunga kwenye pindo la leso yake. Alimmiminia mgeni kahawa kwa adabu zote.

— Karibu ukae, alimwambia. — Ukitaka kuona hiyo jino, utaionea hapa.