Tairi za Nyuma Zilikuwa Zinafanya Nini

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na ukuta wa duka la dawa. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne: mimi; Spana, fundi magari; Asilimia, mwalimu mstaafu asiyesema jambo bila kulipigia hesabu; na Breki, dereva wa zahanati ya kule mlimani. Kahawa ya Breki ilikuwa inapoa. Jana yake, kwenye mvua, gari la zahanati lilimkwamia nusu ya mlima likiwa na mama mwenye uchungu. Mtoto alizaliwa kiti cha nyuma, salama salimini, lakini Breki hakupata usingizi.

— Tulinunua gari la kuvuta mbele na nyuma, akasema. Mbona tairi za mbele zilichimba tope tu, gari halisogei?

— Hesabu ndogo, akajibu Asilimia. Injini hugawa nguvu kama urithi. Sitini mbele, arobaini nyuma. Sasa mlimani nguvu inaporomoka, maana nguvu nayo ina uzito.

Spana akacheka kidogo.

— Mwalimu, hiyo iache darasani. Magari kama lile, kwenye lami yanavuta mbele. Mbele zikiteleza, kuna klachi kule nyuma inabana. Nguvu inapita kwenye shafti ndefu chini ya gari, tairi za nyuma zinaamka.

— Nani anaiambia ibane? Breki akauliza.

— Kompyuta.

— Na jana ilikuwa wapi?

— Ililowa.

Alisema hivyo kama mtu aliyeikausha kwa mikono yake.

— Haikulowa, akasema Asilimia. Asilimia tisini ya kompyuta za magari husoma tabia ya dereva. Wewe unakanyaga breki hata tambarare. Imekuona mwoga, ikakuficha nguvu. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Si kuna mtu alizaa?

Hapo ndipo mkunga wa zahanati alipotoka duka la dawa, kabeba boksi la glavu. Ndiye aliyempokea yule mtoto kwenye kiti cha nyuma. Akamwamkia mwalimu, akasikiliza kidogo, kisha akamgeukia Breki.

— Kaka, za mbele zilichimba, nilisikia. Na za nyuma zilikuwa zinafanya nini?

Breki akamtazama Spana. Spana akamtazama Asilimia. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeuliza.

Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale mbele ya duka. Spana akatandika gunia langu la ngozi, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

— Shafti haipo, sauti yake ikatoka. Mwenye gari wa kwanza aliitoa. Wapo wanaofanya hivyo, wakidhani wanaokoa mafuta.

— Lakini wewe ulibadilisha oili wiki jana, nikasema.

— Oili iko mbele, akajibu taratibu. Huku nyuma sikufika. Nisameheni.

Mkunga hakumlaumu.

— Utaipata lini?

— Siku tatu, nne.

— Mimi nina mama mwingine hapa mtaani, uchungu umeanza alfajiri. Na mvua ndiyo ile.

Spana akatoka, akakaa chini akipangusa mikono.

— Breki, sasa hivi unavuta mbele tu. Ukipanda, uzito unalalia nyuma, za mbele zinakuwa nyepesi, zinateleza. Ligeuze. Panda kinyumenyume, uzito ukae kwenye tairi zinazofanya kazi.

Tukampakia yule mama na mkunga wake, tukaenda mpaka mwanzo wa mlima, sote wanne. Spana alitembea pembeni ya tairi, akimwelekeza kwa mkono. Breki alirudisha nyuma polepole, shingo imegeuka, bila kugusa breki hata mara moja. Tope liliruka, gari likapanda.

Mama alikuwa ameshika mkono wa mkunga, macho yake kwenye barabara iliyokuwa ikibaki chini.

— Dada, akauliza, kwa nini mnanipeleka kinyumenyume?

— Ili tufike, mkunga akasema.