Kitabu cha Matanga ya Mama Wahu

Watumishi wa Mungu, majirani wa Kachibora, na ndugu zetu mliotoka Kibabii na Kanduyi mapema ili mfike kwa wakati, mimi ni Makokha, mwalimu mstaafu, mdogo wa marehemu anayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Najua mmekuwa mkiulizana pale langoni kitabu cha wageni cha kutia sahihi kiko wapi. Hakipo. Marehemu alikikataza mwenyewe, na nikifika mahali pake mtaelewa, kwa hivyo nivumilieni hata nikisoma kwa hasira, maana hasira ninayo.

Zachary Wakhungu alizaliwa tarehe 11 Machi 1946 kijijini Kibabii, Bungoma, akaanza shule ya msingi huko huko mwaka wa 1954, akamaliza kidato cha nne mjini Bungoma mwaka wa 1965, akisifiwa na walimu kwa mwandiko wake mzuri, mwandiko ambao baadaye ulimponza. Januari 1967 aliajiriwa kuwa msomaji wa mita za stima Bungoma, akahamishiwa Kitale mwaka wa 1974, akapanda ngazi hadi kuwa karani mkuu, akastaafu tarehe 31 Machi 2001 bila barua hata moja ya onyo. Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa takatifu na Peris, huyu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, Ivy na Dancan, na mwaka wa 1982 wakanunua shamba hili, wakapakana na Mama Gladwell Wahu na mwanawe Gicheru, wakawa majirani wa kuombana chumvi.

Hapa Kachibora hakukuwa na matanga ambayo marehemu hakukalia meza ya kitabu. Alipiga mistari kwa rula, akahakikisha kila mgeni ameandika jina, hata kumfuata mtu kwenye foleni ya chakula, akisema aliyekuja kuzika asisahauliwe. Mlikuwa mkimtania kwamba hata mbinguni ataomba rula.

Mama Wahu alipozikwa, Jumamosi tarehe 23 Oktoba 2004, alikuja bwana mmoja mwenye tai, akasema ametumwa na kampuni inayotaka kujenga laini kubwa ya stima kutoka Bungoma hadi huku kwetu, na kwamba kampuni inaomboleza pamoja nasi, akashusha kreti za soda na kitabu kipya chenye jalada gumu, kimeshapigwa mistari, chenye nafasi ya jina, namba ya kitambulisho, namba ya shamba na sahihi. Marehemu aliuliza namba ya shamba ni ya nini, akajibiwa ni ya kuwapelekea watu kadi za shukrani, akaridhika, na nasema wazi kwamba hapo alikosea, kwa sababu yeye mwenyewe alisema hivyo hadi siku ya mwisho. Alitia sahihi kwenye namba moja, akawahimiza wengine mia mbili na kumi na tatu. Jioni yule bwana akaomba kitabu akakitolee nakala, na kitabu hakikurudi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkataba wa laini kama ile haufanyi kazi mpaka uidhinishwe na ofisi fulani huko Nairobi, ambayo sitaitaja mbele ya jeneza, na ofisi hiyo inatakiwa kwanza ije iwasikilize watu ambao laini itapita kwao, isipokuwa kama wamekubali kwa maandishi. Tarehe 8 Machi 2005 mkataba uliidhinishwa bila mtu wa ofisi hiyo kukanyaga Kachibora, na mwezi wa Juni nyumba nne zikatiwa alama nyekundu, ya Gicheru ikiwa ya kwanza, zikabomolewa, ati wenyewe wamekubali. Orodha ya waliokubali ilipoletwa kwa chifu, jina la juu kabisa lilikuwa Zachary Wakhungu, mstaafu wa stima. Na ninyi mlimfanya nini? Mlimwita msaliti, mkahama benchi lake kanisani, na Gicheru akamwambia sokoni, watu wakisikia, "Mzee, wewe ulituuza kwa matanga ya mama yangu. Usahau njia ya kwangu."

Februari 2006 marehemu alisafiri hadi Nairobi, akakaa kwenye ofisi hiyo siku tatu mpaka wakachoka naye wakamwonyesha faili. Kile walichokiita ridhaa ya wananchi kilikuwa kurasa za kitabu cha Mama Wahu, jalada limeng'olewa, barua ya kukubali imebandikwa mbele. Hata kufuta hawakufuta. Ukurasa wa saba jirani yetu Kipkemboi ameandika pembeni, "Poleni sana, tutaonana paradiso," na afisa amepiga mhuri wa kuidhinisha juu ya neno paradiso. Ukurasa wa mwisho, namba mia mbili na kumi na nne, Gicheru mwenyewe ameandika, "Asanteni nyote mliokuja kumzika mama." Watu waliosoma vyuo vikuu, wanaolipwa kusoma mikataba, waliyaona maneno hayo wakayaita ruhusa ya kujenga laini. Mimi nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini, na sijawahi kupata mtoto ambaye angeusoma ukurasa ule asiulize ni nani amekufa.

Akarudi na nakala, akaandika barua kumi na moja za malalamiko, kwa mwandiko ule ule, huku anaugua kisukari kilichomwanza mwaka wa 1998 na kufika kwenye figo mapema mwaka huu. Alilazwa Kitale tarehe 2 Septemba 2007. Tarehe 12 Gicheru alikuja kumwona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, Peris akampa nakala ya ukurasa wa mwisho, naye Gicheru akautazama mwandiko wake mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kitanda akalia. Marehemu akamshika mkono, akamwambia, "Nilipewa kitabu cha mama nikilinde, sikukilinda. Kwangu msiweke kitabu." Alifariki Jumapili tarehe 16, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Jumatatu, siku moja tu baadaye, barua ya ofisi ikafika. Malalamiko yatasikizwa Jumanne tarehe 25 Septemba, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa manispaa Kitale, na mlalamishi afike mwenyewe, au mtu mwingine ambaye jina lake limo kwenye orodha, la sivyo shauri litafungwa na mkataba utabaki ulivyo. Walimnyamazia akiwa hai, wakamjibu akiwa mochari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Kitale, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotoka Bungoma, Gicheru na wanawe waliochimba kaburi, na ninyi majirani, hata mliohama benchi, maana kuni na maji mmeleta na tumeona. Lakini majina yenu bado yamo ndani ya lile faili, yakisema mambo ambayo hamkuyasema. Namba moja hatafika Jumanne. Mimi ni namba tisini na sita, Gicheru ni mia mbili na kumi na nne, sisi tutakuwepo, na wewe unayenisikiza unaijua namba yako.

Kaka yangu, leo hakuna kalamu wala meza, kwa hivyo tunakuambia kwa mdomo, na Jumanne tutawaambia wao kwa mdomo huu huu. Pumzika kwa amani.