Mkono wa Kiptoo

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena. Kerubo, kaa hapa upande wa kushoto ambao hauniumi. Bradley, weka simu yako kifuani pangu uiache irekodi, na mtu akipiga usipokee. Wanjiru na Kiprono, ninyi sikuwazaa, lakini kila Ijumaa kwa miaka mingi tumekula sahani moja, kwa hiyo msikae kule kwenye viatu kama wageni. Jumanne napanda ndege kwenda Nyamira, na daktari ameniambia bila kunificha kwamba ini hili halitanirudisha Doha. Nimeendesha basi la shule katika mji huu miaka ishirini na sita, nimechukua watoto wa watu asubuhi na kuwarudisha wote salama kwa mama zao, na kwa hilo roho yangu imetulia. Kuna jambo moja ambalo kwalo haijatulia, na hilo ndilo nililowaitia.

Ya nyumbani nayasema kwanza kwa sababu ni mafupi. Shamba ligawanywe katikati, nusu ya Kerubo na nusu ya Bradley, na ami yenu yeyote akisema binti haridhi, mwekeeni sauti hii aisikilize mpaka mwisho. Cherehani ya mama yenu ni ya Kerubo. Redio ni ya Bradley, ingawa najua hataiwasha. Nizikeni kando ya mama yenu, na msikodishe mahema makubwa wala kuwaita wanasiasa waje kuzungumza juu yangu, hawakunijua. Hayo yamekwisha.

Sasa ya timu. Wanjiru, mwanangu, Ijumaa iliyopita uliongoza vizuri siku ya kumuenzi Kiptoo, mrushaji wetu wa zamani, pale Al Wakrah. Nilikuwa ndani ya gari la Bradley, dirisha limeshushwa, na niliona kila kitu: jezi namba kumi na saba imetundikwa kwenye waya nyuma ya anayedaka, walinzi waliotoka zamu kule kwenye majumba ya The Pearl wakiwa bado na sare zao, kina dada wa majumbani waliobadilishana siku ya mapumziko ili tu wawepo, na ngoma ya Waganda ambayo tangu niijue haijawahi kunyamaza. Nikawasikia vijana waliofika Doha mwaka jana wakisimulia jinsi Kiptoo alivyokuwa akirusha, watu ambao hawakumwona hata siku moja, na hawakukosea sana. Nilifurahi. Timu ya besiboli ya walinzi na madereva, iliyoanza kwa mpira mmoja uliozungushiwa utepe wa gundi, ina mtu wa kukumbukwa.

Kisha ukashika kipaza sauti ukawasema wamiliki wa zamani wa timu. Ukasema Tony aliandikisha timu kwa jina lake kama gari, akamrushisha Kiptoo mechi juu ya mechi mpaka mkono ukafa. Ukasema Henry aliyekuja baada yake alibadilisha jina la timu, akawakataza mashabiki kupiga ngoma eti ni kelele, na jezi namba kumi na saba akampa mpwa wake aliyekuwa hajui hata kusimama. Watu wakacheka, wakazomea, wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi pamoja nao. Halafu ukamalizia, "Hao wawili ndio waliotunyang'anya Kiptoo." Hapo nikashindwa kuendelea. Walikuwa watatu, Wanjiru. Wa tatu ndiye mliyemwinulia mikono mkimwita mwenyekiti wetu, baba yetu, akiwa ameketi garini na shali miguuni.

Usinishike mdomo, Kerubo. Niache niseme nikiwa bado naweza.

Nilimkuta Kiptoo miaka kumi na mitatu iliyopita, nyuma ya jengo letu la wafanyakazi Al Wakrah, jioni ya Ijumaa, akirusha mpira ukutani peke yake na kuufuata mwenyewe kila ulipodunda. Alikuwa mlinzi, kijana mrefu kutoka Kapchorwa kule Uganda, mpole wa kusema. Shuleni kwao palikuwa na mwalimu aliyefundisha mchezo huu, na yeye alikuwa ameuchukua akauweka moyoni. Alinitazama akaniuliza, "Mzee, unaweza kunidakia?" Nikamwambia sijui mchezo wenyewe. Akasema, "Hakuna cha kujua. Chuchumaa, weka mkono mbele, usifumbe macho." Nikafumba macho. Mpira ukanipiga kifuani nikakaa chini kwenye kokoto, na yule kijana akaja mbio akiomba msamaha huku akijizuia kucheka, na mimi ndiye niliyecheka kwanza. Tangu siku ile nilimdakia kila Ijumaa. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mpira ulitoka kwake kama unakwenda pembeni, mpigaji akatulia akijua umepotea, kisha ukarudi ndani akiwa ameshachelewa. Kiganja changu kilivimba mpaka nikawa nashika usukani kwa vidole.

Mama yenu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ninyi mlikuwa shuleni Nyamira, kwa bibi yenu, na sauti zenu nilizipata kwa simu siku ya Jumamosi. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kama amekula. Nikaanza kumuuliza Kiptoo. Yeye baba yake alikufa akiwa mdogo, na siku moja tukinywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, ukingoni mwa barabara nilimwita "mwanangu" bila kufikiri, kama ninavyowaita watu wote, na yeye akakishika kikombe kwa mikono miwili asinywe. Nililiona hilo. Nataka mjue kwamba niliona.

Timu ikakua. Tony akaja na magari na jezi, na mimi sitasema uongo, tulimshangilia kama mvua. Alikuwa Mkenya mwenzetu, alikuwa na kampuni ya kuleta watu kazini, Kiptoo akiwa mmoja wao, na alitaka wakubwa waliokuwa wakimpa mikataba waone kijana wake akirusha. Mwaka ule tukaingia fainali na timu ya Wafilipino, waungwana wale, wenye mazoezi kuliko sisi. Kiptoo alikuwa amerusha Jumanne, akarusha tena Alhamisi kwenye nusu fainali, na katikati amesimama getini saa kumi na mbili kwa siku. Ijumaa asubuhi nikamkuta ameketi ukingoni mwa uwanja, mkono umelala mapajani kama si wake. Kerubo, wewe ni nesi, ungekiona kile kiwiko ungelia. Kilikuwa kimevimba na kina joto. Akaniambia taratibu, "Mzee, hapa ndani kuna kitu kinachanika. Nikirusha leo, sidhani kama nitarusha tena."

Nikaenda kwa Tony nikamweleza. Alikuwa amevaa miwani ya jua, anaangalia wageni wake wakishuka kwenye magari. Akasema, "Mimi nikimlazimisha atakataa. Wewe anakusikiliza. Kamwambie." Kisha akaongeza, kama mtu anayempa mtoto peremende, "Na mashabiki wanahitaji mwenyekiti. Tukishinda leo, nitawatangazia ni wewe."

Hakunishika shati, wanangu. Hakunitishia kazi, maana kazi yangu haikuwa mikononi mwake. Ningeweza kusema hapana na kwenda kununua barafu ya kukanda ule mkono. Nilitembea kutoka pale alipokuwa mpaka alipoketi Kiptoo, hatua thelathini hivi, na katika hatua zote hizo nilijua ninachokwenda kufanya. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, "Mwanangu, nirushie mimi. Mara hii tu. Usimrushie Tony, nirushie mimi baba yako."

Akanitazama. Akasema, "Sawa, Mzee." Akainuka.

Alirusha zamu zote tisa. Watu wanakumbuka kwamba tulishinda, wanakumbuka kwamba Wafilipino walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Mimi nakumbuka kwamba kuanzia zamu ya sita alikuwa akiufunga mdomo kila mpira ulipomtoka, na kwamba hakunitazama tena. Tukambeba mabegani. Tony akachukua kipaza sauti akanitangaza mwenyekiti, na mimi nikainua mkono huu, mkono mzima.

Baada ya miezi miwili Kiptoo alikuwa hawezi kuinua kizuizi cha getini. Mkataba wake ulipokwisha Tony hakuuhuisha. Nilimsindikiza uwanja wa ndege kwa basi la shule, nikiwa nimevunja sheria kwa mara ya kwanza na ya mwisho, na njia nzima hatukusema lolote ila habari za joto. Tukaagana kwa mkono wa kulia.

Nikaendelea kuwa mwenyekiti. Henry alipokuja na upuuzi wake nilisimama kidete, na kwa hilo mlinipenda zaidi. Na kila nilipomshutumu Henry kwa kuichezea jezi ya Kiptoo, niliona watu wakinitazama kwa macho ya heshima, nikawa naikubali heshima hiyo na kwenda nayo nyumbani.

Miaka miwili iliyopita, nilipokwenda likizo, niliwaambia naenda kumwona rafiki Kitale. Nilivuka mpaka nikafika Kapchorwa. Sikumpigia simu kwanza, niliogopa atasema nisije. Nilimkuta kwenye uwanja wa shule ya msingi, kichwa kimeanza mvi, anawafundisha wasichana kurusha mpira. Alikuwa akiwaonyesha kwa mkono wa kulia, tena vibaya, na wale wasichana wakimcheka, naye akicheka. Akaniona. Akawaambia waendelee, akaja akanishika akanikalisha kwenye nyasi kama mtu anayemkalisha mgonjwa, na wakati ule nilikuwa bado sijaugua.

Nikamweleza yote. Tony, miwani, uenyekiti, zile hatua thelathini. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nilijua, Mzee. Niliwaona mkizungumza. Nilijua nani amekutuma na kwa nini."

Nikamuuliza, "Sasa mbona ulirusha?"

Akasema, "Uliniita mwanao mbele ya watu. Nilitaka kuona mtoto anajisikiaje akimfanyia baba yake kitu."

Akaendelea mwenyewe. Akaniambia mwaka wa kwanza alinichukia kwelikweli, kwa sababu alikuwa hawezi kukamua ng'ombe na mama yake akimkamulia. Akasema hakuwahi kumchukia Tony, maana kwa Tony hakuwa amengojea lolote. Kisha akasema, "Chuki iliisha, sijui lini. Nilikusamehe zamani, ila sikuwa na njia ya kukutumia. Lakini wale watu wa Ijumaa waambie. Wanaimba jina langu na hawajui habari yenyewe." Nikaahidi. Tulikunywa chai kwa mama yake. Nikarudi Doha, na Ijumaa ya kwanza nikasema nitawaambia ya pili, na ya pili nikasema ya tatu, na hivyo hivyo miaka miwili, mpaka Ijumaa iliyopita mliponipigia makofi.

Wanjiru, usilie, au lia lakini unisikilize. Ijumaa ijayo, kabla ya fainali, wawekee watu sauti hii kwenye spika. Tony na Henry waendelee kuwasema, wanastahili, ila msiwafanye wabaya kuliko walivyokuwa, na katika orodha yao andikeni Philip Ombati. Wewe ndiye mwenyekiti kuanzia leo. Karatasi za timu, zilizobaki kwangu Henry alipoondoka, ziko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda hiki. Nilizibadilisha mwezi uliopita, ziko kwa majina ya wachezaji wote, na msikubali tena mtu mmoja aseme timu ni yake, hata akija na magari, hata awe mtu mwema, hata awe mmoja wenu. Glavu yangu ya kudakia mpelekeeni Kiptoo kwa ajili ya wale wasichana. Bradley, ukaipeleke mwenyewe, usitume kwa basi. Umwambie baba ameshawaambia watu. Ataelewa.

Nipe maji, Kerubo. Kidogo tu.

Kiprono. Njoo hapa mbele, piga goti, shingo yangu haigeuki. Wewe ndiye unayerusha sasa. Juzi ulipokuja kunisaidia kuvaa shati ulitumia mkono mmoja. Ulidhani mgonjwa haoni. Umelificha bega hilo tangu lini? Sema, wenzako wasikie.

Wiki tatu. Anasema wiki tatu, na kwamba yuko fiti, na kwamba ni fainali, Mzee. Najua ni fainali. Mimi nishawahi kuwa kwenye fainali.

Sikiliza, mwanangu. Hutarusha Ijumaa. Hutarusha ili kuniheshimu mimi, wala kumheshimu Kiptoo, wala kwa sababu watu wamekuja kutoka mbali. Utakaa chini, Kerubo atakutazama hilo bega, na mtu mwingine atarusha, na huenda mkashindwa. Shindweni basi. Shindweni mchana kweupe, watu wote wakiona, kisha mwende mkale pamoja. Wanjiru, watu wakimnung'unikia, simama mbele yake. Kiprono, niahidi. Si kwa kichwa, kwa mdomo, simu isikie.

Asante. Asante, mwanangu.

Sasa nimechoka. Mungu awaweke... awarudishe nyumbani mkiwa wazima, mikono na miguu, kama nilivyowarudisha wale watoto. Kerubo, uolewe au usiolewe, ucheke. Bradley, mpigie dada yako hata ukiwa huna neno. Wanjiru, uwe na sauti hiyo hiyo. Nimewasamehe wote... na ninyi... ninyi nanyi, mkiweza.

Kiprono, usiinuke. Acha nishike hilo bega kidogo. Mkono wangu ni mwepesi, hautakuumiza.