Pai ya Bi Muriel Huliwa na Nani?

Bantaba, kijiwe cha mazungumzo cha mtaa ule wa Brufut, iko mbele ya duka la mikate: mbao ndefu zilizopigiliwa juu ya magogo, na kila asubuhi Waingereza wastaafu huzikalia mpaka jua liwafukuze. Hapo kila mtu ana jina lake. Trevor, aliyekuwa akikagua tiketi za mabasi huko kwao Wolverhampton, ni Mkaguzi. Brenda, ambaye habari haijawahi kulala kwake, ni Bi Redio. Na yule wa pembeni kabisa, mwenye kofia ya pama usoni na mikono juu ya tumbo, ni Clive, mume wa Muriel, aitwaye Mzee Usingizi. Asubuhi hiyo hakuwa amelala. Alikuwa akisubiri tu Saikou, muuza kahawa, amimine kahawa ya Touba, ile yenye viungo vinavyokwaruza koo, ndipo Bi Redio akaja mbio mbio, ndara zikipiga makofi.

— Mmesikia? Jumamosi Muriel analeta mbili!

— Mbili nini? akauliza Mkaguzi.

— Pai! Ile pai yake ya samaki! Nimemkuta soko la samaki la Tanji, ananunua bonga wa moshi, kikapu kizima. Kaniambia, "Brenda, bakuli moja halitoshi tena. Kila mara linarudi tupu."

Mkaguzi alipaliwa na kahawa.

— Na wewe ukamjibu nini?

— Ningemjibu nini? Nikamwambia, "Vizuri sana, mpenzi."

Kila mwezi wao hula pamoja kwenye baraza ya Mkaguzi, kila nyumba na chombo chake: huyu kuku wa bizari, yule viazi vya kuponda na soseji, mwingine keki iliyopasuka juu kwa sababu umeme ulikatika. Na kila mwezi Muriel huja na bakuli lake refu lililofunikwa kitambaa, analibeba kama mtoto mchanga.

— Hebu ngoja, akasema Mkaguzi. Linarudi tupu? Kwani we unaila?

Bi Redio alimtupia jicho Mzee Usingizi. Kofia ilipanda, ikashuka.

— Amelala huyu?

— Huyo? Hata paa limwangukie. Sema.

— Basi nakwambia ukweli. Sijawahi. Ina rangi ya saruji, Trevor! Mimi husema nimeshiba.

— Loo! Na mimi husema nitairudia baadaye!

— Na wale wa nyumba ya buluu?

— Wale husema samaki huwawasha.

Wakatazamana.

— Sasa anaila nani?

Chini ya kofia, jasho lilimtoka Clive. Aliyekuwa akiila ni yeye. Siku ile ya kwanza kabisa Muriel aliamka gizani, akaenda kuwafuata samaki, akachambua miiba mpaka vidole vikavimba. Jioni bakuli lilikuwa zima, halijaguswa hata pembeni, na Muriel alikuwa bado anacheka na wageni, hajalitazama. Clive hakustahimili. Alikusanya vyombo vyote, akajifungia jikoni kwa Mkaguzi kana kwamba anaosha, akala pai nzima amesimama, kwa mwiko. Muriel alirudi nyumbani anaimba. Tangu hapo Clive ndiye mwosha vyombo wa kila mwezi, na wake za watu humtolea mfano kwa waume zao.

Mwanzoni alikula kwa huruma. Siku hizi alikuwa akiihesabia siku. Maana nyumbani Muriel haipiki; husema hiyo ni ya watu, wao wawili wanatosheka na maharage ya kopo juu ya mkate, Jumapili yai la kuchemsha. Alikuwa akimpenda sana mke wake, na pai yake pia aliipenda, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

— Nyani, akakata shauri Bi Redio. Wanatoka kule msituni, wanaingia kwa dirisha la jikoni.

— Nyani wale bonga? We mama, nyani wana akili zao! Hiyo inauzwa. Kuna mtu anaipeleka hotelini, watalii wanaambiwa ni chakula cha wafalme.

— Acha zako!

— Watalii wanakula chochote ukikichomekea bendera ndogo juu!

Saikou naye, akiwa ameinua birika, hakuweza kunyamaza.

— Mimi nasema mamba. Wale wa ziwa la Bakau, chakula chao si bonga? Juzi nimewaona. Wamenenepa, hawataki hata kufungua macho.

— Ee! Bi Redio akaruka. Tena mmoja aligeuza shingo nilipompita! Alinusa kikapu changu, alidhani mimi ni Muriel!

— Basi tosha, Mkaguzi akasimama, akavuta suruali. Jumamosi naweka kiti mbele ya lile bakuli. Sili, sicheki, siendi msalani. Likiingia jikoni, naingia nalo. Nimekamata watu wamejificha chini ya viti vya basi, mtu wa pai atanishinda?

— Na ukimkamata?

— Namtaja mbele ya watu wote!

Mbele ya watu wote, yaani mbele ya Muriel. Kofia ya Clive iliacha kupanda na kushuka.

Hapo akatokea Kumba Njie, mshonaji aliyehamia jirani mwezi ule, mkate wa tapalapa kwapani.

— Salaam aleikum, wazee. Nimealikwa Jumamosi. Naleta domoda, mchuzi wetu wa karanga, na karanga zenyewe nimeshazisaga. Ila Bi Muriel kanisisitiza nisikose pai yake. Ana furaha jamani! Anasema mnaigombania.

Akauhamishia mkate kwapa la pili.

— Ina ladha gani?

Mkaguzi alikohoa.

— Ina... yaani harufu yake...

— Sijauliza harufu, baba. Ladha.

— Rangi yake sasa, Bi Redio akaanza, kisha akameza maneno. Uso ulimwiva.

— Mnaigombania, na hamjui ladha yake?

— Moshi.

Sauti ilitoka chini ya kofia. Saikou nusura aunguze mkono wake.

— Kwanza moshi, akasema Clive. Halafu siagi. Halafu ndimu, kidogo sana, wakati umeshameza. Na pembeni, pale viazi vilipogandia bakuli, pana utamu ambao sijui niueleze vipi.

Mkaguzi aliitazama kofia, akalitazama tumbo, akaketi polepole.

— Vile vyombo, akanong'ona. Clive. Vyote vile ulivyokuwa ukiosha.

— Muriel asijue. Nawaomba.

— Atajulia wapi? Bi Redio akapangusa macho kwa kiganja, mara akapiga paja. Na mimi Jumamosi naonja! Wa kwanza ni mimi!

— Wa kwanza ni mgeni, akasema Kumba. Siagi na ndimu? Mimi sahani yangu naijaza kama mlima.

— Nitakaa mbele ya bakuli vilevile, akasema Mkaguzi, lakini na kijiko!

— Na Saikou aje!

— Nakuja na mke wangu!

Walipiga kelele mpaka mwenye duka akatoka kutazama. Clive aliwasikiliza, moyo umejaa, akimwona Muriel akifunua kitambaa na watu wakisukumana. Kisha akaanza kuwahesabu, mmoja mmoja, na wa nyumba ya buluu pia. Akaivua kofia kwa haraka.

Saikou aliinamisha birika kikombeni mwake. Yakatoka matone, basi.

— Jamani, akasema Clive, kikombe kikiwa bado hewani. Kuleni. Kuleni mshibe. Ila ule ukoko wa pembeni msiuguse, nawasihi.