Taa Zisizowaka

Mbele yangu katika basi walikaa abiria wawili waliokutana papo hapo: mwalimu wa hesabu aliyefunga tai, na mama mmoja dereva wa lori aliyekuwa likizoni. Mwalimu alikuwa akilisifu gari kuukuu alilomnunulia bintiye, anayepita barabara kuu kila siku kwenda kazini.

"Dada yangu, nimelipata kwa bei ya kutupa, na halina kasoro! Taa za onyo za dashibodi hazijawahi kuwaka, hata moja."

"Hata ukiwasha gari?"

"Hata hapo. Kimya kabisa!" akajibu kwa fahari. Sikumlaumu, nami huwasifu wajukuu wangu kwa sauti hiyo hiyo.

Mama yule aligeuka mzima mzima. "Kaka, gari zima likiwashwa, taa hizo humulika kwanza, ya breki ikiwemo, ndipo huzimika. Hilo lako wameling'oa balbu ili usiuone ugonjwa wake."

"Acha utani, mama! Fundi alilikagua mbele yangu."

"Fundi wako au wa muuzaji?"

Mwalimu akaipapasa simu mfukoni.

"Mpigie mtoto asimame!"

Simu iliita, ikaita tena. "Yuko barabarani sasa hivi," alinong'ona. "Hapokei simu akiendesha. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo."

Maisha yangu yote nimehimiza utii. Siku hiyo nilimwombea binti wa mtu nisiyemjua akaidi neno la baba yake. Basi likasimama kituo cha mwisho. Tukateremka, na simu ingali ikiita.