Lakiri Haijaguswa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliofanya kazi na marehemu: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa pekee, yule fundi cherehani ambaye wengi mnamwita Sindano, na ndiye anayewasomea. Mnaojua yaliyotokea mwaka 2009, msitazamane. Mnajua kwamba kaka yake alimtuhumu mbele ya familia nzima, na kwamba tuhuma ile haikuwahi kufutwa mpaka macho yake yakafumba. Kwa hiyo wifi yake alipomletea bahasha na kumwambia kuwa marehemu ameagiza aandike yeye, hakufurahi. Alihisi hapa kuna namna. Kaacha binti yake mwalimu, kaenda kumtafuta mshona mashati? Aliigeuza ile bahasha huku na huku kabla ya kuipokea.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mama yake mpishi wa shule ya bweni. Mdogo wake alifuata miaka sita baadaye, wakawa wawili tu. Akiwa na miaka kumi alikuwa na kopo la gololi, na kila akitoka alilaza unywele juu ya kifuniko chake, ili ajue kama kuna mkono umepita. Siku moja mkono ulipita kweli. Ulikuwa wa mtoto wa miaka minne aliyetaka gololi moja tu, ya kijani, na aliyeapa kwa machozi kwamba hakugusa kitu. Kaka mtu alimtazama, akaufungua ule mkono, akaikuta gololi.

Shule ya msingi aliianza Januari 1965 na kuimaliza mwaka 1971, kisha baada ya kukaa nyumbani na kumsaidia baba karakana akaenda chuo cha ufundi, fani ya umeme, mwaka 1974 hadi 1976. Huko chuoni aliwahi kurudisha mtihani akilalamika kwamba amepewa alama nyingi kuliko alizostahili. Mwalimu alipomwuliza shida iko wapi, alijibu kwamba anataka kujua mwalimu anatafuta nini kwake. Zilipunguzwa alama tatu, akalala usingizi mzuri.

Tarehe 2 Agosti 1976 aliajiriwa na shirika la umeme kama msoma mita, na mwaka 1984 akapandishwa kuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiangalia lakiri, kile kidonge cha risasi kinachobanwa kwenye waya wa mita, ili ajue kama imefunguliwa. Alikuwa akichuchumaa, anavaa miwani, anakigusa kwa ukucha, na mwenye nyumba huku jasho linamtoka hata kama hana hatia. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Lakiri, na yeye aliitika.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu mmoja ambao marehemu aliuheshimu kuliko yote. Mkaguzi akimtuhumu mteja kimakosa, alitakiwa arudi kwenye mlango uleule, asome fomu ya masahihisho kwa sauti mbele ya wale walioisikia tuhuma, mteja atie sahihi, kisha nakala moja abaki nayo mteja na nyingine aondoke nayo mkaguzi. Marehemu alijigamba kwamba kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kuchana hata fomu moja. Alistaafu mwaka 2012, na kile kitabu cha fomu alikuja nacho nyumbani kikiwa kizima.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1983, na muuguzi aliyekutana naye akiwa mgonjwa wa malaria. Yule dada alikuja na sindano, yeye akaomba kwanza aisome chupa. Akaisoma yote, hadi jina la kiwanda, ndipo akageuka. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni mwalimu na mwana ambaye ni dereva wa lori. Na mwaka 2007, ndoa ya mdogo wake ilipovunjika, ni Lakiri huyuhuyu aliyekuja na mkokoteni, akaibeba cherehani mwenyewe, akampa chumba cha uani, akamfungia taa juu ya meza ya kushonea. Wala hakumwuliza kilichotokea. Kwa mtu aliyeuliza kila kitu, hilo lilikuwa jambo kubwa, na mdogo wake hajalisahau.

Sasa tufike kwenye gitaa.

Februari 2009, akikaribia miaka hamsini na miwili, marehemu alirudi nyumbani na gitaa la rangi ya chungwa, lile la bei ya chini kabisa, alilolitoa kwenye duka la magodoro. Alisema alilitaka tangu ujana. Nyuzi zilikuwa juu mno, vidole vikamchubuka, na kila akipiga kulisikika mtetemo wa ajabu. Alishuku kuna kitu kimefichwa tumboni mwake. Akalitikisa, akamulika tochi ndani, mwisho akagundua ni nati moja ya ufunguo wa kukazia uzi iliyolegea. Wiki hiyohiyo akakata uzi mwembamba, kwa sababu alikuwa akipiga uzi wa kwanza huku anakaza ufunguo wa uzi wa pili, akishangaa kwa nini sauti haipandi. Mwenye duka alimweleza kosa lake taratibu. Marehemu hakumwamini.

Jumatatu ya tarehe 13 Aprili alinunua nyuzi mpya sita, akajifungia sebuleni kuzivalisha peke yake. Kigingi kimoja cheupe, vile vya kubania mwisho wa uzi kwenye mbao, kiliruka kikampiga juu ya jicho, maana hakuwa amekisukuma mpaka ndani. Alikirudisha, akafunga zote, akazilinganisha, akapiga wimbo mmoja mpaka mwisho. Nyumba nzima ilisikia. Kesho yake asubuhi alilichukua gitaa, akapiga, na sauti zote sita zilikuwa zimeshuka.

Alilinganisha tena. Asubuhi iliyofuata zikawa zimeshuka tena. Basi akarudi kwenye ufundi wake. Alichukua rangi ya kucha ya mkewe, akatia nukta kwenye kila ufunguo na nukta nyingine kwenye mbao mkabala nao, ili ufunguo ukigeuzwa hata kidogo nukta ziachane. Asubuhi akavaa miwani, akachuchumaa. Nukta zilikuwa zimetazamana vilevile, na gitaa limelegea. Mtu mwingine angesema, kumbe hakuna aliyegusa. Lakiri alisema aliyegusa ni mjuzi, kalegeza na kisha karudisha nukta mahali pake.

Na mjuzi ni nani? Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja mwenye vidole vya kucheza na uzi, mwenye ufunguo wa sebule, na ambaye wiki moja kabla, kichwa kikimuuma kwa zile kelele, alisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hilo gitaa siku moja atalifanyia kitu. Hayo aliyasema. Hakanushi leo, wala hakuyakanusha wakati ule.

Jumapili, tarehe 19 Aprili, familia ilikuwa imekusanyika kwa chakula cha mchana, na majirani wawili watatu wakiwemo. Baadhi yenu mpo hapa. Marehemu alisimama, akaliweka gitaa juu ya meza katikati ya sahani.

"Sindano, umelifanya nini gitaa langu?"

"Kaka, sijaligusa."

"Hata ile gololi hukuigusa."

Miaka arobaini na mbili marehemu alikuwa ameihifadhi gololi moja, akaitoa siku hiyo mbele za watu. Jumanne mdogo wake alihama na cherehani yake. Na hapa ndipo ubaya ulipokolea, maana siku mbili tatu baada ya kuhama, gitaa likatulia. Halikulegea tena. Marehemu akaona ushahidi umekamilika, akafunga jalada. Kwa kuogopa kuliharibu, hakubadilisha zile nyuzi tena. Alizipiga hivyohivyo miaka kumi na minne, hata zilipoingia kutu na kumwachia weusi kwenye vidole.

Miaka yote hiyo kaka na dada walisalimiana misibani na kukaa meza tofauti harusini. Watu waliokuwa wakileta vitambaa kwa fundi walianza kuhesabu vifungo mbele yake. Yeye naye, kusema kweli, hakukaa na moyo mweupe. Alijua si yeye, basi akamshuku wifi yake, kwamba ndiye aliyelegeza nyuzi ili chumba cha uani kibaki wazi. Mwaka 2014 wifi alimletea kitambaa cha gauni, naye akakirudisha hakijakatwa. Kwa hilo, wifi, fundi anakuomba radhi hapa, mbele ya hawahawa. Kitambaa kile kilete.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuugua figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mikono ilivimba. Julai mwaka huu wa 2023 uzi mmoja wa lile gitaa ulikatika kwa uchakavu, na mkewe, bila kumwomba ruhusa, alimpigia simu mdogo mtu. Alikuja Jumatatu mchana, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, pochi mapajani, kama mtu asiyekusudia kukaa. Marehemu akamwambia, "Vidole vyako vinajua uzi. Zifunge zote sita, mpya."

Alizifunga akielekezwa kutoka kitandani. Alisukuma kila kigingi mpaka ndani, akauachia kila uzi nafasi ya kuzunguka ufunguo mara tatu, maana hata kwenye cherehani uzi uliozungushwa nusu huchomoka. Saa kumi na moja jioni akaenda zake. Asichokijua, na ambacho wifi alimsimulia baadaye, ni kwamba alipotoka tu marehemu aliagiza rangi ya kucha, akatia nukta, akaamuru gitaa lifungiwe kabatini, akapitisha waya kwenye vitasa na kuubana kwa lakiri na koleo lake la kazi. Kwa mikono ile, ilimchukua nusu saa.

Asubuhi alikagua lakiri mwenyewe. Nzima. Nukta hazijasogea. Akapiga nyuzi, zote sita zimeshuka. Mkewe anasema aliiacha chai mpaka ikapoa. Akazilinganisha, akabana lakiri upya; siku ya pili nyuzi zikashuka kidogo. Siku ya tatu, pungufu ya hapo. Siku ya nne zikatulia, kama zilivyotulia mwaka 2009, naye akaomba aletewe mkoba wake wa kazini.

Mdogo wake alikuja mara nyingi baada ya hapo. Marehemu hakumwambia lolote. Siku moja tu alisema, "Limetulia." Naye akajibu, "Naona." Alingoja zaidi, hakupata, akarudi nyumbani akiwa na uchungu, na ni vyema lisemwe hivyo.

Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ile bahasha iliyokuja na agizo la kuandika wasifu ilikuwa imefungwa kwa waya na kubanwa lakiri. Mdogo wake aliikagua kwa ukucha kwanza. Haikuwa imeguswa. Ndani mlikuwa na fomu moja ya masahihisho, ya kwanza kuchanwa katika kitabu kile, na ameagiza isomwe kama ilivyo:

"Kifaa: gitaa. Mahali pa tuhuma: meza ya chakula, mbele ya familia na majirani. Hali ya lakiri: haijaguswa. Maelezo: nyuzi mpya hujivuta na kulegea zenyewe siku za kwanza. Mteja hana kosa. Mkaguzi alikosea. Kuhusu gololi, alikuwa mtoto, na ningempa angeomba."

Chini kuna nafasi ya sahihi ya mteja. Ataitia sasa hivi, hapa mbele yenu, kabla jeneza halijafunikwa. Nakala ya mteja atabaki nayo. Ya mkaguzi itawekwa kwenye mfuko wa koti lake, aondoke nayo.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu watano, gitaa moja la rangi ya chungwa ambalo halilegei, na mdogo wake.

Apumzike, na amani yake isiguswe na mtu.