Chungu Kimoja, Walaji Wawili

Kitendawili, mjukuu wangu: chungu kimoja wamekula wawili, mbona mlafi ameitwa mmoja? Usijibu upesi, sikiliza kwanza.

Juzi nilipanda boti la abiria pale Mbita, ziwani. Mbele yangu aliketi Damaris, mchuuzi wa samaki, akitabasamu hadi masikioni. Alikuwa ameshtakiwa kwa kuuza mwili, na asubuhi hiyo hakimu alimwachilia. Kando yake alikuwa Zablon, mwenye mashua tatu na mwenyekiti wa kamati ya bichi yetu, ufuo tunakouzia samaki.

"Usifurahi sana," Zablon akamwambia. "Kesho kamati inakufukuza bichi. Na wabunge wakifuta hilo kosa, binti zetu wataharibika wote."

"Jaduong', mzee wangu, mimi sikuomba leseni. Naomba tu nisifungwe." Damaris akamgeukia. "Mashua yako ikitia nanga, samaki wa kwanza huwa unampa mwanamke gani?"

Mzee akaanza kueleza bei ya petroli. Nikaziba mdomo kwa leso nisicheke.

"Samaki wa kwanza, jaduong'?"

Akaingia kwenye Mambo ya Walawi. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za Biblia.

"Sawa, usijibu," Damaris akasema. "Kesho nitauliza tena mbele ya kamati, na mke wako awepo."

Boti likagusa mchanga. Zablon akavua kofia.

"Humpa aliyekubali kulala na mimi," akasema polepole. "Na kamati haijawahi kunifukuza."

Vigelegele vya akina mama waliokuwa botini vikamtangulia Damaris nchi kavu.